Vitu vya "jikoni bila plastiki": nilivyonunua, nilivyogawa, na vipi vina maana kwa mtu wa Dar

Siku hizi ukishika tu simu unakutana na picha za majiko ya watu, kabati limejaa makopo ya kioo yenye mifuniko ya mianzi, kila kopo na kibandiko chake, mchele, dengu, sukari, na chini wameandika jiko lao halina plastiki. Linapendeza sipingi, ila mi swali langu ni moja, huo mchele ulifika hapo ndani ya nini? Maana kama umeununua supamaketi kwenye mfuko wa plastiki ukaumimina kwenye kioo mfuko ukatupa, plastiki umeitumia vilevile, umeificha tu wageni wasiione.

Kwa hiyo hii rivyu yangu nimepima kila kitu kwa kipimo hicho, je kinazuia plastiki isiingie ndani, au kinapendezesha kabati? Vingine nimenunua mtandaoni, vingine Kariakoo, vingine nimeletewa kutoka Unguja. Naishi Tabata, jiko ni la gesi na mkaa upo kwa ajili ya maharage, watu wengi na wageni hawakatiki, so hii sio rivyu ya mtu anayeishi peke yake anakula saladi.

Tuanze na mfuko maana ndio mlango wenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019, Zanzibar walishatutangulia tangu 2006, Kenya wakapiga Agosti 2017 na adhabu zao za kutisha, Rwanda ndio usiseme, wao ni tangu 2008. Sisi baada ya rambo kuondoka tukahamia kwenye hii mifuko mbadala laini laini ya rangi rangi inayouzwa kila kona ya soko. Sasa nisikilizeni, ile sio kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ileile inayotengeneza viroba vya mchele, wameivuta nyuzi wakaibana kwa joto ikafanana na kitambaa. Kama unabisha kata kipande kidogo nenda nje ukishike kwa koleo uchome, pamba ingeacha jivu, hii inajikunja, inadondoka tone tone, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Simaanishi utupe uliyonayo, mmoja ukiutumia mpaka uchakae ni afadhali mara nyingi kuliko rambo, shida watu wananunua mpya kila wakienda sokoni na ule wa jana uko chini ya sinki na wenzie arobaini. Alafu ukiuacha juani unaanza kupukutika unga mikononi. Kwa kipimo changu imefeli.

Kikapu cha ukindu ndio mshindi na sioni aibu kusema. Cha kwangu kinabeba mboga zote za wiki, nyanya, vitunguu, nazi tatu, na embe juu, na mzigo hausongamani kama kwenye mfuko maana kina umbo lake kinasimama chenyewe hata ukikiweka chini kwenye daladala. Nyanya hazitoi jasho ndani. Ila ukienda kununua usiangalie rangi na maua, kigeuze uangalie mishono, kikapu kinashonwa kwa ukili, ule mkanda mrefu uliosukwa, unazungushwa zungushwa unashonwa kingo kwa kingo, sasa vuta pale kingo zinapokutana, ukiona mwanga au uzi unacheza weka chini achana nacho. Na mikono, iwe imepita chini ya kitako cha kikapu, sio imeshonewa pembeni tu, hiyo ya pembeni nazi tatu haifiki nazo nyumbani. Bei za Kariakoo na za Unguja mtapatana wenyewe, ila kile kilichowekewa ngozi na kioo ndani ni cha watalii wa Forodhani, achana nacho. Kasoro ya kikapu ni masika, unyevu ukikaa kinaota ukungu, kwa hiyo usikiloweke, futa kwa kitambaa anika kwenye upepo. Na mjihadhari kuna vikapu vizuri sana vinapendeza vimesukwa kwa ile mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, vinadumu miaka na miaka, ila usidanganywe kwamba ni vya asili.

Kikapu hakisaidii kitu kama kila kinachoingia humo kimefungwa nailoni. Hapa ndio watu wengi wanakwama, sheria ilibana mifuko ya kubebea ila vile vifuko vyeupe vya kufungia bado vimejaa, sukari nusu kilo kifuko, karanga kifuko, dagaa kifuko, hata pilipili mbili kifuko. Mi nilimshonesha fundi cherehani vijifuko vya kanga kuukuu, vya kamba ya kuvuta mdomoni, vikubwa vya mchele na maharage, vidogo vya karanga na iliki, kanga mbili zimetoa vifuko vya kutosha na kubaki, na kanga ikishafuliwa sana inakuwa laini inakunjika mfukoni. Kwa vitu vikavu hakuna kinachoshinda hivi. Unga sio, unga unapenya kidogo unachafua kikapu kizima, unga napeleka kopo au nanunua ule wa mfuko wa karatasi.

Na kwa sukari pia kopo, lile la bati lenye mfuniko. Mara ya kwanza kwa Mangi mwenye duka ilikuwa hivi, nimefika na kopo langu nikamwambia "Mangi nipimie kilo humu," akalitazama akacheka, "Sasa dada hili kopo si litakula sukari yako? Lina uzito hili." Nikamwambia weka kwanza kopo tupu. Ana ile mizani ya sahani mbili, basi akaweka kopo upande huu, upande wa pili akatafuta betri ya redio na misumari mpaka zikalingana, ndio akaweka jiwe la kilo akaanza kumimina. Foleni nyuma yangu inaguna. Siku hizi amelipima akaliandika uzito kwa maka peni kwenye kitako, nikifika haulizi. Kama duka lenu lina mizani ya kidijitali ni rahisi zaidi, kuna kitufe cha kurudisha sifuri, wengi wanacho tu hawakitumii. Hii kitu haina gharama hata mia na ndio imepunguza taka kuliko vyote nilivyonunua.

Mafuta ya kula. Hapa kuna njia mbili na nimetumia zote. Ya kwanza ni ya kupima, unaenda na chupa yako ya kioo anakujazia kutoka kwenye pipa au dumu, nzuri kwa plastiki ila lazima umjue muuzaji na mauzo yake yawe yanakwenda, mafuta yaliyokaa wazi kwenye joto la Dar yanachacha na utayajua kwa harufu, alafu chupa iwe kavu kabisa, usioshe asubuhi ukaenda nayo mchana ina matone ndani. Ya pili ni dumu la lita 20 kununua na majirani mkagawana. Najua mtasema dumu si plastiki, ndio ni plastiki, ila dumu moja limekaa badala ya chupa ishirini za lita moja, na dumu halitupwi hapa mjini, likiisha mafuta linakuwa la maji au linauzwa. Mi nimebaki na ya pili maana majirani nilionao ni waelewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanikera na nikilisema kwenye shughuli za watu naonekana mjuaji. Kufunika wali na nailoni. Mnalijua, maji yamekauka, mpishi anachukua mfuko anautandaza juu ya wali ndani ya sufuria alafu anafunika, eti mvuke usitoke. Wenzetu Uganda nao matoke yaliyokuwa yanafunikwa kwa majani ya mgomba siku hizi kuna wanaofunikia kavera, yani mfuko wa plastiki. Plastiki laini ya mifuko inayeyuka kwenye nyuzi 105 mpaka 115 hivi, mvuke wenyewe ni 100, na kuta za sufuria zina joto zaidi ya hapo, na ukipalia makaa juu ya mfuniko ndio kabisa, nimeuona kwa macho yangu mfuko umeganda ukingoni mwa sufuria mwembamba kama ngozi ya maziwa na watu wanakwangua ukoko palepale. Sio chakula kile jamani.

Mbadala wake nimejaribu aina mbili. Jani la mgomba ni zuri sana, unalipitisha kwanza juu ya moto kulibabua mpaka libadilike rangi liwe la kung'aa, likiwa bichi linapasuka ukilikunja, alafu unalitandaza juu ya wali unafunika, wali unatoka umeiva vizuri na kiharufu flani kizuri. Tatizo ni kulipata kama hujui mtu mwenye mgomba. Kwa siku za kawaida natumia kitambaa cha pamba safi, nakizungushia mfuniko kwa ndani nafunga ncha juu, kinazuia mvuke na matone hayarudi kwenye wali. Kwenye gesi angalia ncha zisining'inie zikashika moto. Karatasi ya foili wengine wanaisifia, inafanya kazi, ila unatumia mara moja unatupa, tumetoka huku tumeingia kule.

Vile vitambaa vya nta ya nyuki sasa. Hivi niliagiza mtandaoni, duka silitaji, bei ilikuwa ya kuumiza na nilichoambiwa kitafunika kila kitu kuanzia bakuli la mchuzi mpaka parachichi. Ni kitambaa cha pamba kimelowekwa nta, unakishika kwa viganja kinapata joto kinajibana kwenye bakuli. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hivi kwa hiyo chakula cha moto hapana, maji ya moto ya kukioshea hapana, nyama mbichi hapana maana huwezi kukiosha kwa moto. Kwetu huku jiko mwezi wa pili lenyewe ni tanuri, kitambaa kikikaa kabatini kinanata na chenzie, ukivibandua vinatoa utelezi. Ulaya kwenye baridi naamini vinawafaa, huku nimempa mdogo wangu yuko Njombe anafungia mkate. Mimi bakuli nalifunika na sahani. Yani sahani. Na chakula kinachokaa mezani nimeweka kawa la ukili, inzi hawaoni ndani, chakula kinapumua, na kuukuu la bibi yangu limedumu kuliko friji mbili.

Onyo la haraka kuhusu vikombe na sahani za "mianzi" zinazouzwa kama mbadala wa plastiki. Vingi vyao ni unga wa mianzi uliochanganywa na melamini, na melamini ni plastiki, imetengenezwa na formaldihaidi, ukiweka vya moto na vyenye uchachu kama chai ya limau inaweza kuachia kemikali. Umoja wa Ulaya mwaka 2021 walianza msako wa kuvitoa sokoni kwao. Ukiona chombo cha mianzi laini sana, kimefinyangwa kama kauri, hakina mistari ya mti, ujue ndio hicho. Watoto wangu wanatumia vikombe vya bati na vya stenlesi, vikianguka vinapiga kelele tu.

Makopo ya kioo yenyewe niyaseme maana ndio yanayotamaniwa. Yako ya aina mbili, ya kawaida na yale ya borosiliketi yanayohimili joto, na wauzaji wetu wengi hawajui tofauti, atakwambia "hii inaingia oveni" wakati haiingii. Kioo cha kawaida ukikitoa kwenye friji ukamimina mchuzi wa moto kinapasuka. Na kwenye friza usijaze mpaka juu, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, supu itapasua chupa usiku utadhani mwizi. Acha nafasi ya vidole viwili, na chagua chupa iliyonyooka mdomo mpana sio yenye mabega. Kwa maharage yangu ya kuchemsha ambayo naganda kwa mafungu nimeona bora bakuli za stenlesi zenye mfuniko, hazipasuki na zinayeyusha haraka ukiziweka kwenye beseni la maji. Zile za kuvutia za mfuniko wa mianzi sijanunua. Chupa za jemu na asali zilizoisha zimejaa kabati langu, hazifanani hata mbili, na zinafanya kazi ileile bure. Na makopo ya aiskrimu na ya siagi niliyokuwa nayo bado ninayo, ya vitu baridi na vikavu, kutupa plastiki nzima ili ununue kioo uonekane umeacha plastiki mi naona ni mzaha.

Kibao cha kukatia badilisha. Angalia cha plastiki chako kilivyo na mikwaruzo, ile iliyochimbika imekwenda wapi kama sio kwenye kachumbari. Chukua cha mbao ngumu kipande kimoja, kiwe kizito, usikilaze kwenye maji, ukimaliza osha simamisha kikauke pande zote mbili, mara moja moja kipake mafuta. Vile vya kuunganishwa vipande vipande vya bei rahisi gundi inaachia, nimeona cha jirani kimefunguka kama kitabu.

Halafu kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui! Hivi kwanini tuliacha kifumbu? Nazi imekunwa kwa mbuzi, unaisukumiza humo unaikamua kwa kuizungusha, tui linatoka zito na machicha yote yanabaki, lile chujio la plastiki la duara nyavu yake inachanika baada ya muda mfupi unaokota nyuzi za nailoni kwenye tui. Kifumbu kioshe hapohapo usikiache na machicha, kinachacha kinanuka vibaya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humu na nakipa kumi kwa kumi bila kufikiri mara mbili.

Sponji nimeacha natumia dodoki. Ukilinunua kavu ni gumu linatisha, ukililoweka dakika chache linalainika, linakwangua sufuria ya ugali vizuri ila sio ukoko wa kuungua, huo bado namalizia na stilwaya na jivu. Likate vipande, kipande kimoja cha ukubwa wa kata ya nazi kinatosha, usioshee na dodoki zima. Linachoka haraka kuliko sponji nasema ukweli, ila likichoka natupa kwenye mgomba wa jirani linaoza. Ukiwa na kauwanja panda, linapanda ukutani kama tango, liache likaukie palepale mtini ndio umenye. Sabuni nayo ya mche, nakata kipande nakiweka kwenye kifuu chenye tundu maji yatoke, usipofanya hivyo inakuwa uji. Glasi hazing'ai kama za sabuni ya maji, ndimu inasaidia.

Mtungi wa udongo wa maji ya kunywa nausema kwa ufupi, napenda ladha yake lakini wanaosema unapoza kama friji wanaongea wakiwa Dodoma. Unapoza kwa maji kutoka nje ya udongo yakikauka kwa hewa, Dar hewa yenyewe imeshiba maji, kwa hiyo unapata maji ya ubaridi wa kivulini basi. Umenipunguzia chupa za maji za dukani kwa sababu tunachemsha tunajaza humo, kwa hiyo kwa kipimo changu umepita, ila usitegemee barafu.

Samaki na nyama naenda na ndoo ndogo ya chuma yenye mfuniko. Feri pale wauzaji wameshazoea, wale wa kuparua wanakuuliza "mama una chombo?" ukiwa nacho wanafurahi, wamepunguza gharama yao. Buchani kwetu ndio kijana anapima, anatia kwenye kifuko kwa mazoea, mkono wake uko mbele ya masikio yake, kwa hiyo ndoo unaiweka juu ya meza kabla hujataja kilo ngapi.

Ambacho sijapatia dawa ni taka. Maganda na mabaki nayatenga, mengine yanaenda kwa kuku wa jirani, ndoo ya taka chini natandika gazeti, lakini gari la taka likija jamaa hawataki ndoo wanataka kitu kilichofungwa wakirushe juu, basi natumia viroba vya mchele vilivyoisha, na kiroba nacho ndio polipropilini ileile niliyoisema juu huko. Wa Tabata na Segerea mnaotumia njia nyingine na gari likachukua, niambieni mnafunga na nini.